Mwaka Niliokuwa Nikiandika Majina ya Nyimbo

Tulimzika Mzee Njeru huko Kibugu, Ijumaa moja yenye ukungu, na nyimbo za duka lake la kaseti zikamsindikiza. Mpwa wake alikuwa amezitoa kwenye kaseti za zamani akazitia kwenye flashi, akaichomeka kwenye spika iliyokodishwa pamoja na mahema. Tangu saa tatu asubuhi mpaka mchungaji alipofika, tulikaa kwenye viti vya plastiki tukisikiliza zilizopendwa, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule nilioupanga mimi nikiwa msichana. Nilijua kila wimbo unaofuata kabla haujaanza. Watu wa rika langu walitikisa vichwa polepole, vijana walikuwa kwenye simu zao. Kisha ukaja ule wimbo, na ile sauti ya mwanamke ikapanda juu ya mahema na mashamba ya chai, na mwendesha shughuli akaipunguza kidogo akasema kwenye maikrofoni, "Wapendwa, huu ni wimbo wa marehemu mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Baadaye niliitwa kusema neno kama mfanyakazi wake wa zamani. Nilisimama, nikasema kwamba alinifundisha kazi na hakuwahi kunikaripia mbele ya wateja, jambo ambalo ni kweli, nikaketi. Magoti yalikuwa yakiniuma. Nimekaa miaka mingi katika ofisi ya maji nikijaza fomu za watu wengine, na siku hizi hata hasira hunichosha kabla sijaianza. Lakini Njeru alikuwa wa mwisho. Wale wengine wawili waliohusika na wimbo ule walimtangulia, na sasa hakuna mtu ambaye habari hii inaweza kumwaibisha isipokuwa mimi.

Duka lilikuwa Meru mjini, nyuma ya jengo la mafundi cherehani. Lilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia la kijani. Mbele kulikuwa na kaunta ya kioo na benchi la wateja. Nyuma ya pazia kulikuwa na deki nne za kurekodia, mashine ya santuri, na katoni za santuri zilizopangwa mpaka dari, kila katoni ikiwa na herufi iliyoandikwa kwa makaa. Kulinuka spiriti, kwa sababu kila asubuhi nilisafisha vichwa vya deki kwa pamba iliyolowekwa. Mafundi cherehani waliongea mchana kutwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nilijua nani ameachwa na nani na suti ya nani imekatwa vibaya. Chakula cha mchana tulikila kulekule nyuma. Siku nyingi kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe, yenye parachichi kutoka kwa mama mmoja wa kibandani, na siku ya soko tulikula mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa. Njeru alikula amesimama, kichwa kimeinama upande wa deki, akitafuna polepole ili asipitwe na mkwaruzo wowote kwenye santuri. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwembamba, mtu wa Embu aliyekuja Meru akitafuta mji ambao haukumjua. Zamani alipiga gita katika bendi ya hoteli. Gita hakuwa nalo tena, lakini ncha za vidole vyake vya kushoto zilikuwa bado ngumu kama kwato.

Watu walikuja kutafuta nyimbo za ujana wao. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta orodha ya nyimbo kumi na mbili kwenye karatasi ya daftari, na kumi kati yake hazikuwa na majina: ule wa tarumbeta mbili, ule uliokuwa ukipigwa wiki redio ya baba ilipoibiwa. Mama muuza ndizi alituimbia wake kwa pua, akasimama katikati, akasema, "Basi hapo ndipo nilipofika, huko mbele sikumbuki." Njeru alifumba macho, akaenda kwenye katoni, akarudi na santuri ileile. Mama yule alipoisikia alikaa kwenye benchi, akaweka kikapu chini, akaisikiliza hadi ikaisha. Mimi nilikuwa nimetoka Kibirichia kwenye mashamba ya viazi, nimemaliza shule juzi tu, na niliwaona watu hawa kama wagonjwa. Sikuelewa mtu mzima analilia nini kwenye wimbo ambao hata maneno yake hayajui. Sasa mpwa wa Njeru ananitumia nyimbo zilezile kwa simu, nazisikiliza nikiosha vyombo, na katikati yake nasahau sahani iko mkononi.

Kutokana na orodha hizo zote Njeru alipata wazo la kutengeneza mikusanyo yake mwenyewe, ili mteja asisubiri. Aliiita Zilizopendwa za Mlimani. Hatukumwomba mtu yeyote ruhusa. Wakati huo hakuna aliyeomba, na sisemi hivyo kujitetea. Mimi ndiye niliyepanga nyimbo, dakika thelathini kila upande, nikipima kwa saa ya ukutani. "Usiweke mbili za huzuni pamoja," Njeru alinifundisha. "Mtu anasikiliza akipika. Akilia mara mbili, ataunguza." Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, niliandika pia karatasi za kava kwa mkono, moja moja, jina la wimbo na jina la mwimbaji. Mkusanyo wa kwanza ulienda mpaka Isiolo. Tulipoanza wa pili, Njeru alitoa chini ya kitanda chake santuri ndogo yenye lebo nyeupe isiyo na maandishi, akaniwekea mwenyewe. Ulikuwa wimbo wa msichana anayemtuma mpita njia ampelekee mama yake salamu, ubeti mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiembu, na sauti yenyewe ilikuwa kama ya mtu anayeongea nawe karibu sana akiwa amechoka lakini hataki ujue. Niliuliza ni nani anayeimba.

"Andika Njeru na Wenzake," alisema.

"Lakini huyu ni mwanamke, Mzee."

"Alikuwa msichana wa bendi. Aliolewa. Andika vile nimekwambia."

Niliandika hivyo, labda mara mia tatu.

Alikuja mwezi wa Agosti, siku ya soko, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Njeru alikuwa ameenda kununua kaseti tupu. Mwanamke huyo aliweka mkusanyo wetu wa pili juu ya kaunta, akaugeuza, akaweka kidole kwenye wimbo wa sita.

"Wewe ndio unaandikanga hizi?"

"Ndiyo, mama."

"Hii sauti ni yangu."

Nilifikiri ni mmoja wa wale wagonjwa. Basi akauimba, si kwa sauti kubwa, akitazama mlangoni kana kwamba anamngoja mtu. Upande wa pili wa ukuta cherehani zilinyamaza, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuhitaji mtu wa kunithibitishia.

Aliitwa Rwamba, mzaliwa wa Kibugu, lakini alikuwa ameolewa Ruiri na mchuuzi wa ng'ombe ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Huko Ruiri hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mutuma, tangu mtoto wa kwanza. Aliacha bendi akaolewa, na hakuwahi kumwambia mumewe kwamba aliwahi kuimba hotelini. Aliniambia mambo hayo ameketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti. "Sasa amenunua hii tepu. Kila jioni akitoka boma anaiweka kwa redio. Huo wimbo anaurudisha mara mbili, mara tatu. Mimi niko hapo napika, siku moja nikajisahau nikaanza kuimba pamoja. Unajua aliniambia nini?"

"Hapana, mama."

"Aliniambia, nyamaza tumsikie huyu." Alicheka kidogo. "Nikanyamaza."

Njeru alirudi akamkuta. Walisalimiana kwa Kiembu, kwa heshima, kama watu wanaokutana kwenye matanga. Rwamba hakuomba chochote isipokuwa jina lake liandikwe. Njeru alimwambia hawezi. Alisema akiandika jina moja leo, kesho atakuja mpiga ngoma, keshokutwa mpiga besi, na kila mmoja ana madai yake. Rwamba alimsikiliza mpaka mwisho. "Maneno ya wimbo pia ni yangu, Njeru," alisema. "Salamu zilikuwa za mama yangu." Njeru akaingia nyuma ya pazia, nasi tukasikia akiwasha deki isiyo na kaseti ndani.

Rwamba alipotoka nje nilimfuata na karatasi mpya ya kava. Niliiandika nikiwa nimesimama kwenye kibaraza cha mafundi, nikiegemeza karatasi ukutani: wimbo wa sita, Rwamba wa Kibugu. Aliisoma muda mrefu kwa mtu anayesoma maneno matatu. Akaikunja akaitia ndani ya Biblia yake. Nilirudi kazini nikijiona shujaa, na hiyo ndiyo sehemu ninayoona haya zaidi kuikumbuka, kwa sababu ushujaa wangu ulidumu wiki tatu.

Mumewe alikuja asubuhi. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti zito na fimbo ya kuchungia, na aliingia akiwa amevua kofia. Alitoa mfukoni kaseti iliyotiwa ile karatasi mpya ya kava, na nikauona mwandiko wangu kabla hajaiweka juu ya kioo.

"Habari yako, msichana."

"Nzuri, mzee."

"Hapa umeandika Rwamba wa Kibugu. Huyo ni nani?"

Kabla sijafungua kinywa, pazia lilifunguka na Njeru akatoka. "Kuna shida, mzee?"

"Hakuna shida. Nauliza tu. Mke wangu anaitwa Rwamba, na ametoka Kibugu."

Njeru aliichukua kaseti akaisoma. Hakuwa amejua. Niliona mshipa wa shingo yake ukisimama, lakini sauti yake ilikuwa ya upole. "Haya ni makosa ya huyu msichana. Anaandika nyingi kwa siku, anachanganya majina. Huu wimbo ni wangu."

Mzee yule hakumtazama. Aliendelea kunitazama mimi. "Ni makosa?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiria nilichopaswa kujibu. Wakati ule nilifikiria jembe, baridi ya Kibirichia na viazi vya kuchimba kwa mikono iliyokufa ganzi, na nilifikiria kwamba mtu mwenye fimbo anaweza kuitumia nyumbani. Hilo la pili nimelitumia mara nyingi kujifariji, lakini halikuwa la kwanza.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ni makosa yangu."

Alirudisha kaseti mfukoni, akavaa kofia. "Asante," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa njia, akaondoka.

Njeru hakunifukuza, wala hakunikaripia. Mchana aliniletea chapati mbili na maharagwe, akaketi, jambo ambalo hakulifanya kamwe wakati wa kula. "Nilipiga gita miaka saba, Kinya," alisema. "Kitu kimebaki ni hiyo santuri moja. Ukitoa jina langu hapo, hiyo miaka saba mimi nilikuwa wapi?" Nilikula chapati yake. Nilimwonea huruma, na bado ninamwonea, hata Ijumaa ile pale kaburini. Lakini nilipochukua kalamu baada ya kula na kuandika Njeru na Wenzake, mkono ulikuwa mzito, na haukuwa mwepesi tena mpaka nilipoacha kazi hiyo mwezi wa Desemba.

Kabla ya Desemba, Jumapili moja baada ya ibada, nilienda Ruiri nikiwa nimebeba mfuko wa viazi vya kwetu, kwa sababu sikujua mtu anayekwenda kuomba msamaha hubeba nini. Upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi jekundu, na ng'ombe walikuwa wamekusanyika kwenye hori la maji nyuma ya nyumba. Rwamba alinipokea jikoni, kwenye jiko la mabati lenye mafiga matatu. Hakuonekana kushangaa. Alivimwaga viazi vyangu kwenye beseni, akachukua kisu, akaanza kuvimenya palepale. Sufuria ya maji ilikuwa tayari motoni. Redio ilikuwa kwenye rafu, imezimwa, na kitambaa kilichofumwa kwa uzi kikiwa kimeifunika.

"Mama, nilisema ni makosa," nikamwambia.

"Najua. Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu, basi ni makosa." Hakuinua macho kutoka kwenye kiazi. "Ningemwambia nini? Watu wawili wa duka wameshasema. Nilikuwa nimeiweka hiyo karatasi juu ya redio nikingoja asome, aniulize. Akaisoma, akatoka bila neno, akaenda kuuliza kwenu." Aliyasema hayo bila hasira, kama anayezungumzia mvua iliyopita pembeni ikanyesha kwa jirani.

Niliomba ruhusa nikatoka. Mzee alikuwa kwenye hori, akimsukuma fahali mmoja ili ndama wapate nafasi. Nilimsalimia, na kwa kuwa nilijua nikisubiri sitasema, nilisema papo hapo. "Mzee, nilikudanganya. Sikukosea kuandika. Ile ni sauti yake."

Aliendelea kumsukuma fahali. "Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Kabla ninunue. Nilisikia hiyo tepu ikilia sokoni nikasimama na kamba ya ng'ombe mkononi. Miaka kumi na minne mtu anaimba jikoni kwangu, nikose kujua sauti yake?"

Nilishindwa kuelewa. Nilimuuliza mbona basi alimwambia anyamaze.

Alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na nadhani hilo ndilo lililomponza. "Nilitaka akasirike," alisema. "Nilifikiri atasema, ni mimi huyo. Kila jioni naweka hiyo tepu nangoja aseme. Hakusema. Halafu akaleta karatasi yenye jina lake. Nikaona labda anaogopa kuanza. Nikasema niende huko dukani wanieleze, nikirudi niwe na mahali pa kuanzia." Akanitazama. "Mkasema ni makosa. Nilirudi nikamwambia vile mlisema, nikimwangalia uso ndio akatae. Akakubali. Sasa nikimwambia najua, ni kama namwambia ameniongopea. Basi wacha ikae hivyo."

Ningeweza kwenda nyumbani hapo. Nimeshatimiza nilichokuja kufanya, nilijiambia, na mambo ya mke na mume si yangu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na mara nyingi nimechagua kwenda nyumbani. Lakini nilirudi jikoni, nikasimama karibu na mlango, nikasema, "Mama, mzee anajua."

Kisu kikasimama. "Anajua nini?"

"Kwamba ni wewe. Alijua kabla ya kununua. Alikuwa anangoja umwambie."

Nilimwona Rwamba akizirudia jioni zile zote kichwani, moja moja. "Na akaniambia ninyamaze," akasema mwishowe.

"Anasema alitaka ukasirike."

"Alitaka nikasirike?" Aliinuka. "Haya. Nimekasirika."

Alitoka na kisu chake mkononi, na maganda ya viazi yakianguka kutoka kwenye kitenge chake njia nzima. Nilibaki mlangoni. Walisimama kila mmoja upande wake wa hori, ng'ombe katikati, na upepo uliyapeleka maneno yao kule ambako sikuweza kuyasikia. Niliona tu mkono wa Rwamba ukipanda na kushuka. Niliona mzee akivua kofia. Baadaye mkono wa Rwamba haukupanda tena, na wote wawili wakawa wamesimama tu wakiyatazama maji. Sufuria ilichemka ikamwagikia moto, nikaiepua, nikatia viazi, nikairudisha. Niliogopa kuketi.

Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akaweka kisu chini, akafuta uso kwa kiganja.

"Amesema nini, mama?"

"Ameniuliza nilikuwa na umri gani." Aliongea kana kwamba hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko yote. "Nimemwambia kumi na saba. Halafu akauliza kama siku hiyo ya kurekodi nilikuwa na viatu. Nimemwambia nilikuwa navyo, lakini vya kuazima, vilikuwa vinanibana, ndio maana hapo mwisho nimeharakisha." Alitazama sufuria, akaona viazi viko ndani, akatikisa kichwa kunishukuru. Kisha akageuka kuelekea mlangoni na kuita kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi barabarani, "Baba Mutuma! Wacha hao ng'ombe. Kuja ukae, nikuambie yote."

Mzee aliinama akaingia. Nilisogeza kigoda changu kumpisha karibu na moto. Rwamba aliongeza kuni moja, akaanzia siku aliyoondoka Kibugu.